Maswali ya Barabara: Kifusi Kipimwe Kabla Tipa Halijamwaga

Barua nyingi za safari hii zimetoka mkoani Tabora, na karibu zote zinauliza jambo moja kwa njia tofauti: tumenunua vifaa, tumetoa jasho, mbona barabara haikai? Tumechagua chache na kuzijibu kwa urefu kadiri kila moja inavyohitaji.

Mwangaluka wakubwa. Kitongoji chetu, wilayani Sikonge, kilichangishana mwaka jana tukanunua tipa 6 za kifusi kwa ajili ya barabara ya kwenda zahanati, urefu mita 400, upana mita 4. Kiangazi ilipendeza sana. Mvua za kwanza tu, pikipiki zikawa zinateleza na gari la wagonjwa likakwama. Wengine wanasema kifusi kilikuwa kibaya, wengine wanasema tulirogwa na mwenye machimbo. Tutajuaje kifusi kizuri kabla ya kulipa?
*Katibu wa kamati, Sikonge*

Katibu, tuanze na hesabu, maana hata kifusi bora kingewashinda kwa kiasi mlichonunua. Tipa la kawaida huko kwenu hubeba kama mita za ujazo 7. Tipa 6 ni mita za ujazo 42. Mkizitandaza juu ya mita 400 kwa mita 4, unene unaopatikana kabla ya kushindilia haufiki sentimita 3. Hiyo ni rangi tu juu ya udongo. Tabaka la kifusi linalotakiwa kubeba magari ni sentimita 15 baada ya kushindiliwa, na kifusi kilichomwagwa hupungua kikishindiliwa, kwa hiyo hesabu ya kununua izidishwe kwa 1.3. Barabara yenu yote ingehitaji mita za ujazo 240 zilizoshindiliwa, yaani 312 za kumwaga, yaani tipa 45.

Hatusemi hivyo kuwakatisha tamaa. Tipa 6 zilezile zingetosha kutengeneza vizuri mita 50 hivi. Kwenye barabara ya kijiji si kila mita ni mbovu. Tembeeni katikati ya masika, pigeni vigingi pale gari linapokwama kweli: bondeni, kwenye kivuko cha maji, penye udongo mwekundu unaonata. Wekeni kifusi cha unene kamili hapo tu, na sehemu ngumu iliyobaki ichongwe mgongo (katikati pawe juu kuliko kingo, maji yashuke pembeni) na mitaro. Mchango mdogo uliokusanywa mahali pamoja unafanya kazi. Ukitandazwa kote unapotea kote.

Sasa ubora. Kifusi kizuri cha juu kina vitu vitatu kwa pamoja: changarawe ya kubeba uzito, mchanga wa kujaza nafasi kati ya changarawe, na udongo wa mfinyanzi kidogo wa kushikamanisha. Mfinyanzi ukizidi, mvua ikinyesha barabara inakuwa sabuni, na ndicho kilichowapata. Ukikosekana, kiangazi changarawe inalegea, inarushwa pembeni na barabara inaanza kutetemesha. Wahandisi hupima haya maabara, lakini kuna vipimo vinne mnavyoweza kufanya wenyewe machimboni, na tunawaomba mvifanye vyote, si kimoja.

Cha kwanza ni chupa. Chekecha kifusi kubaki na chembe zisizozidi milimita 5, jaza theluthi ya chupa nyeupe ya plastiki, ongeza maji mpaka karibu na shingo na chumvi kidogo kwenye ncha za vidole, tikisa dakika 2, kisha weka mahali pasipotikiswa hadi kesho yake. Mchanga unakaa chini ndani ya dakika moja, tope laini linafuata taratibu. Pima kwa rula. Tabaka la tope la juu likiwa robo hadi theluthi ya udongo wote, mko pazuri. Likifika nusu, kataeni. Likiwa kama uzi mwembamba tu, kifusi hicho kitalegea.

Cha pili ni tonge. Chukua udongo ulochekechwa, lowanisha, finyanga tonge la ukubwa wa ndimu, anika juani siku 2. Libonyeze kwa kiganja. Likivunjika vumbi mara moja, halina gundi. Likikataa hata kwa kisigino, mfinyanzi umezidi. Linalovunjika vipande kwa nguvu ya mkono ndilo mnalolitaka.

Cha tatu ndicho tunachokiamini kuliko vyote. Fundi seremala awatengenezee kijisanduku kirefu cha sentimita 15 na upana wa sentimita 2, kina hivyohivyo. Kipakeni mafuta ndani. Udongo uliopita kwenye chekecheo la unga ukandwe kama uji mzito, ujazwe bila mapovu, ukaushwe kivulini siku moja kisha juani. Ukikauka unajivuta na kuacha pengo mwishoni. Pengo la milimita 5 hadi 12 linafaa. Likizidi 15 ni utelezi mtupu, na chini ya 4 ni kifusi cha kulegea. Maabara nao hupima kujivuta huku, kisha hukuzidisha kwa asilimia ya chembe laini. Nyie pengo lenyewe litawaonesha njia.

Cha nne ni macho. Mawe makubwa kuliko yai la kuku yasiwepo, maana greda litayaburuta na kuchora mifereji, na tairi litayang'oa na kuacha shimo.

Machimbo yakiwa na mfinyanzi mwingi si lazima myaache. Changanyeni na mchanga au changarawe kavu kwa karai: karai 4 za kifusi na 1 ya mchanga, kisha 3 kwa 1, kisha 2 kwa 1, kila mchanganyiko upite kwenye kijisanduku. Uwiano utakaotoa pengo linalofaa ndio mtakaoutumia barabarani, na huko pimeni kwa tipa.

Jambo la mwisho kabla ya kulipa: pimeni bodi la tipa lenyewe kwa futi kamba, urefu mara upana mara kina. Bodi la mita 3.5 kwa 2 kwa 1 ndilo linalotoa 7. Tipa linaloitwa la 7 huku kina chake ni sentimita 70 linawaletea chini ya 5, na kwa safari nyingi hilo ni pengo la tipa nzima kadhaa. Na kama barabara ni ya TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, andikieni ofisi yao ya wilaya kabla ya kumwaga chochote. Mtapata kibali, na mara nyingi mtapata pia fundi sanifu wa kuwaonesha mistari.

Mimi ni mkandarasi mdogo, Urambo. Mwezi wa tisa tulitandaza kifusi kizuri, kimepimwa maabara kikafaulu. Greda likasawazisha, rola likapita mara 3. Wiki ya pili barabara ikawa na vijituta vya mfululizo, gari linatetemeka mpaka taa zinalegea. Tumerudisha greda mara 2, vinarudi. Kasoro iko wapi?

Kasoro ni maji, ndugu yetu, na hatuoni popote kwenye barua yako ulipoyataja. Mwezi wa tisa Tabora kifusi kinachotoka machimboni kina unyevu wa asilimia 2 au 3 tu. Kifusi cha aina hii hushikana vizuri zaidi kikiwa na unyevu wa asilimia 8 hadi 12. Chembe kavu zinasuguana, hazitelezi kukaana, na rola hata likipita mara 20 litazisaga juu na kuacha nafasi za hewa chini.

Fanya hesabu hii kabla ya kuita boza. Mita ya ujazo 1 ya kifusi kilichomwagwa ina uzito wa karibu kilo 1,600. Kuongeza unyevu wa asilimia 7 ni lita 112 kwa kila mita ya ujazo. Barabara ya mita 100 kwa mita 5 kwa sentimita 15 inataka mita za ujazo 98 za kumwaga, kwa hiyo ni lita 11,000, na jua la saa sita litakula robo yake. Boza moja la lita 10,000 halitoshi mita 100. Wengi wanaokodi boza moja kwa siku nzima wanamwagia vumbi tu lisiruke.

Usimwage yote mara moja, yatapita juu na kukimbilia mtaroni. Nyunyiza theluthi, greda ligeuze kifusi kutoka upande huu hadi ule, nyunyiza tena, geuza tena. Jioni ni bora kuliko mchana: kifusi kilichonyweshwa saa kumi na mbili jioni na kushindiliwa alfajiri kimenyonya maji sawasawa mpaka ndani ya mabonge. Kupima, shika gao moja ulikamue. Likishikamana bila kulowesha kiganja, na ukiliachia kutoka kiunoni likapasuka vipande vitatu au vinne, anza kushindilia. Likisambaa kama mchanga, ongeza. Likidondoka kama kitumbua kibichi, subiri likauke.

Rola lenye mtetemo la tani 8 hadi 10 lipite mara 6 hadi 8, likianzia pembeni na kuingia katikati, kila mpito ukilalia nusu ya uliotangulia. Ukianza katikati utakandamiza mgongo na kusukuma kifusi pembeni, na maji yatalala barabarani. Kama una rola dogo la kusukuma kwa mkono, usishindilie zaidi ya sentimita 10 kwa mkupuo. Malizia kwa kupitisha tipa lililojaa polepole. Tairi likiacha alama ya kuzama, bado.

Kuhusu kuondoa vijituta: greda linalopita juu kavukavu linajaza mabonde kwa kifusi kilicholegea, na kifusi kilicholegea ndicho mbegu ya vijituta vipya. Lazima uchimbue mpaka chini ya bonde la kila kijituta, kwa kawaida sentimita 5 hadi 7, uchanganye na maji, uunde mgongo upya na ushindilie. Tunakushauri usifanye sasa kama huna bajeti ya maji. Ngoja mwishoni mwa masika, mwezi wa nne au wa tano, ardhi ikiwa bado na unyevu wake, utaokoa zaidi ya nusu ya boza.

Mgongo wenyewe usiukadirie kwa jicho. Kwa upana wa mita 5, katikati pawe juu ya ukingo kwa sentimita 12 hadi 13. Kamba na pimamaji vinatosha.

Barabara ya kwenda shambani kwetu, Igunga, inapita kwenye mbuga, udongo mweusi ule. Kiangazi unapasuka mpaka mguu unaingia, masika ni ujiuji. Fundi ananiambia nichanganye saruji. Mifuko mingapi?

Mzee wetu, usinunue saruji. Udongo wa mbuga umejaa mfinyanzi unaonyonya maji na kuvimba, kisha unayatoa na kusinyaa. Saruji ikiingia humo inayavika mabonge ya mfinyanzi kwa nje tu, ndani yanabaki vilevile, na msimu ujao yanavimba na kupasua ganda. Saruji inafaa kwa kifusi au mchanga wenye mfinyanzi mdogo, na hapo asilimia 3 tu hutosha mara nyingi: mfuko wa kilo 50 kwa mita za mraba 5 na nusu za tabaka la sentimita 15.

Mbuga inataka chokaa. Chokaa inabadilisha mfinyanzi wenyewe: unaacha kunata, unakuwa punje, na baada ya wiki kadhaa unakaza. Kiasi huwa asilimia 4 hadi 6 ya uzito wa udongo mkavu. Tukichukua 5, ni kilo 10 na nusu kwa kila mita ya mraba ya tabaka la sentimita 15, hivyo mita 100 za barabara ya upana wa mita 4 zinakula tani 4.2, au mifuko 168 ya kilo 25. Unaona mwenyewe kwamba bei hiyo ni ya barabara kuu, si ya shamba.

Kwa hiyo acha mbuga ilale, jenga juu yake. Inua tuta la sentimita 40 hadi 60 kwa kifusi cha kawaida, mabega mapana, kingo zenye mteremko mpole. Kosa ambalo tunaliona kila mahali ni kuchimba mtaro mrefu hatua moja kutoka barabarani na kutumia udongo huohuo mweusi kuinulia tuta. Mtaro ule unakusanya maji, yanapenya chini ya tuta, upande mmoja unavimba na barabara inapasuka kwa urefu kama gogo la msasa. Kwenye mbuga mtaro ukae mita 4 au zaidi kutoka mguu wa tuta, uwe mpana na wa kina kifupi. Miti mikubwa nayo isiwe karibu, mizizi yake inakausha upande mmoja na kuleta nyufa zilezile.

Ujenge lini? Baada ya mvua kukatika, mbuga ikiwa imeshavimba na bado ina unyevu wa wastani. Ukimwaga tuta juu ya nyufa za mwezi wa kumi, mvua zinazofuata zitalinyanyua kutoka chini.

Nina duka la nguo Isevya, Tabora mjini. Vumbi linaniharibia mali. Jirani anamwaga oili chafu ya gereji mbele ya duka lake, mwingine ananishauri chumvi ya Uvinza. Ipi bora?
*Mama muuza nguo*

Mama, oili hapana kabisa. Ina metali nzito na masizi ya injini, mvua inaipeleka mtaroni na kwenye visima, na watoto wanaocheza pale wanaibeba kwa miguu hadi ndani. Isitoshe, oili haigandi kama lami. Inalainisha udongo, na masika mbele ya duka patakuwa tope jeusi linalonata kwenye viatu vya wateja wako.

Chumvi ya kula ni wazo lenye maana kidogo, ila si kwa hewa ya Tabora. Chumvi hutuliza vumbi kwa kuvuta unyevu kutoka hewani, na chumvi ya kawaida huanza kuvuta hewa inapofika unyevu wa karibu asilimia 75. Kiangazi chenu hakifiki huko mchana, hivyo inakaa kama punje kavu, na mvua ya kwanza inaiosha. Iko chumvi nyingine, kalisiamu kloridi, ambayo huvuta hata hewa ikiwa kavu zaidi, na ndiyo inayotumika barabarani nchi nyingine. Nayo huoshwa na mvua, hula vyuma na huua mimea.

Vumbi lile ni gundi ya barabara inayoondoka. Kwa eneo la mita 10 kwa 4 mbele ya duka, ondoa kilicholegea, weka kifusi chenye mfinyanzi wa kutosha kwa vipimo tulivyompa katibu wa Sikonge, sentimita 10 zilizoshindiliwa kwa maji. Ni mita za ujazo 5 na kidogo, tipa moja. Ongea kwanza na mwenyekiti wa mtaa.

Ninasimamia uwanja wa kituo cha mafuta Nzega. Mashimo kwenye lami tunaziba, baada ya mwezi viraka vinatoka vizimavizima kama chapati. Tunatumia lami ya maji (ile iliyochanganywa na maji, hutumika bila kuchemshwa) na kokoto ndogo. Tunakosea nini?

Kuna mambo mawili, na la kwanza ni mahali penyewe. Dizeli huyeyusha lami, kwa kuwa zote mbili ni za mafuta ya petroli. Karibu na pampu na pale malori yanapoegesha, kiraka cha lami hakitadumu hata kikitengenezwa na bingwa. Hapo weka zege la 1:2:4, unene sentimita 15 juu ya msingi uliokaza: mfuko mmoja wa saruji, lita 70 za mchanga, lita 140 za kokoto, maji lita 25 hadi 28, na limwagiliwe siku 7.

Mashimo ya sehemu nyingine ya uwanja yazibwe hivi. Kata shimo liwe na pembe nne na kuta zilizosimama wima, upite mpaka kwenye lami nzima kila upande, sentimita 5 hadi 10 nje ya ufa wa mwisho. Kiraka kinachotoka kama chapati kilijazwa kwenye shimo la duara lenye kingo za mteremko: ukingo wake ulikuwa mwembamba, tairi likaunyanyua, maji yakaingia chini, basi. Chimba mpaka chini pawe pagumu na pakavu. Ukikuta tope, litoe lote, jaza kifusi au kokoto iliyochanganywa na ushindilie kwanza. Fagia mpaka vumbi liishe. Paka kuta na sakafu lami ya maji iliyozimuliwa nusu kwa nusu, kwa brashi, kiwe kitambaa chembamba, kisiwe dimbwi.

Mchanganyiko: lita 40 za kokoto za milimita 6 pamoja na vumbi lake la kusagia, nusu kwa nusu, lowanisha kwa lita 1 ya maji, kisha lita 6 za lami ya maji. Lowanisha kweli, kwani kokoto kavu hunyonya maji ya lami na kuiganda kabla haijaenea. Ukichanganya itakuwa ya kahawia. Jaza ikiwa bado kahawia, kwa matabaka yasiyozidi sentimita 5, na ushindilie inapoanza kugeuka nyeusi, maana hapo maji yanajitenga na lami inashika. Ukishindilia mapema unafungia maji ndani, ukichelewa haikubali tena. Acha kiraka kiwe juu ya uwanja kwa milimita 5, magari yatakishusha. Shimo la mita 1 kwa 1, kina sentimita 5, linakula karibu lita 65 za mchanganyiko uliolegea, yaani kipimo cha hapo juu mara moja na nusu na zaidi kidogo. Nyunyizia mchanga juu ili tairi lisiing'oe siku ya kwanza.

Na usizibe shimo la lami kwa kifusi ukidhani ni cha muda. Kifusi kinashika maji kama sifongo katikati ya lami, na shimo la futi moja linakuwa la mita.

Mwanafunzi wa ufundi, Tabora: kwa nini barabara mpya za lami ya kunyunyiza (lami chini, kokoto zikamwagwa juu) hudondosha kokoto, wakati mawe yetu ya huku ni magumu sana?

Kijana, ugumu ni kitu kimoja, kushikana na lami ni kingine. Mawe mengi ya Tabora ni matale (graniti), yenye silika nyingi, yaani madini yaleyale ya mchanga, na jiwe la silika hupenda maji kuliko lami. Likilowa, maji yanapenya kati na kuivua lami kama ngozi ya ndizi. Dawa ni lami ya maji yenye chaji chanya, kwa kuwa uso wa jiwe hilo una chaji hasi na vinavutana, au kuzipaka kokoto lami nyepesi kabla ya kuzimwaga. Sababu ya pili, ambayo tunaikuta mara nyingi zaidi, ni vumbi: kokoto hazikuoshwa, lami imeshika vumbi na si jiwe. Jaribu mwenyewe. Paka kokoto 20 lami, ziache siku moja, zitumbukize kwenye glasi ya maji saa 48, kisha angalia. Karibu uso wote ubaki mweusi. Kokoto ikionesha weupe, usiipeleke barabarani. Na ukizidisha lami kuogopa kudondosha, jua la mwezi wa kumi litaifanya barabara itoe jasho jeusi, nalo ni utelezi.

Tuko Kigoma mjini, mtaa wetu uko mlimani. Kila masika kifusi chote kinashuka bondeni. Tuongeze tipa?

Msiongeze. Pimeni mteremko: kamba ya mita 10 ikazwe kwa usawa wa pimamaji, pima kutoka mwisho wake hadi chini. Ikizidi sentimita 60 hadi 80, kifusi hakikai hapo kwa kiasi chochote. Tengenezeni sehemu ya mteremko tu kwa mawe ya kuchonga. Mkoa wenu una madaraja ya upinde ya mawe yaliyojengwa chini ya TARURA, kwa hiyo mafundi wa kuchonga wapo. Jiwe la upana wa sentimita 10 kila upande linaingia kama 80 hadi 100 kwa mita ya mraba. Gonga kila jiwe kwa nyundo: linalolia kwa sauti kali lichukuliwe, linalotoa sauti butu liachwe. Laza juu ya mchanga wa sentimita 5, anzia chini kupanda juu, na kingo za zege pande zote mbili zijengwe kwanza, maana bila ukingo mawe yanatawanyika. Kila mita 10 wekeni boriti ya zege ya kukatiza barabara ili mawe ya juu yasiyasukume ya chini.

Uyui: kalavati letu la bomba la sentimita 60 limepasuka juu mwaka wa kwanza. Bomba lilikuwa zima.

Lilifukiwa kwa kina kidogo, au lilishindiliwa upande mmoja. Juu ya bomba hilo pawe na kifusi kisichopungua sentimita 45 kabla lori halijapita. Chini lilale kwenye kitanda cha mchanga au kifusi laini, lisikalie jiwe hata moja, maana hapo ndipo linapopasukia. Fukieni kwa matabaka ya sentimita 15, kulia na kushoto kwa zamu, mshindilie kwa mkono mpaka juu ya bomba, ndipo rola liruhusiwe. Bomba liinamie upande wa kutokea maji kwa sentimita 2 hadi 4 kwa kila mita. Mdomo wa kutokea utandazwe mawe, mita 2 hivi, maji yasichimbe shimo na kulining'iniza bomba. Na mkilibadilisha, wekeni la sentimita 90 kama fedha inaruhusu, kwani mtu anaweza kuingia na koleo kutoa mchanga, na la 60 likiziba katikati hakuna wa kulifikia.